MWANAMUME AKISEMA NI SHUJAA, MWANAMKE AKISEMA NI JEURI



Mwezi ujao matawi yetu yatachagua wawakilishi wa wafanya kazi. Kwa sababu hiyo ukurasa huu leo hautasema juu ya mishahara wala nyumba, mambo ambayo mmeyasoma hapa mara nyingi. Leo twataka kusema juu yetu sisi wenyewe.

Katika tawi moja limeletwa jina la dada mmoja. Amefanya kazi miaka mingi, ajua sheria za kazi kuliko wengi wetu, na kitabu cha michango alichopewa kukishika hakikupotea hata shilingi moja. Katika mkutano hakuna mtu aliyesema kwamba dada huyu hajui kazi. Hakuna aliyesema kwamba ni mvivu au si mwaminifu. Neno lililosemwa lilikuwa moja tu, nalo lilisemwa na watu wengi: "Yule ana mdomo."

Basi, ndugu, tuulizane. Mwakilishi asiye na mdomo ni wa kazi gani? Twataka kumtuma mtu kwa meneja akakae kimya? Mwaka jana tulimsifu ndugu mmoja katika chama hiki hiki kwa kuwa alimjibu meneja bila kuogopa. Hatukusema kwamba ana mdomo. Tulisema kwamba ana msimamo. Mdomo ni ule ule, isipokuwa mwenye mdomo mmoja avaa suruali na mwingine avaa gauni.

Mimi niandikaye haya siwezi kujifanya kwamba sina hatia. Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, tulifanya kazi Jumapili tatu mfululizo na ovataimu yetu haikulipwa. Watu wawili walijitolea kwenda kwa msimamizi kwa niaba yetu, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja. Sisi wengine tulisimama nje karibu na dirisha, tukisikiliza. Yule ndugu alipiga meza kwa ngumi. Yule dada hakupiga meza. Alikuwa na karatasi aliyoandika saa za kila mtu, akazisoma moja moja. Alipoambiwa atoke alisema kwa sauti kubwa kwamba hatatoka mpaka ajibiwe. Mwisho wa mwezi ule sote tulilipwa.

Baada ya siku chache yule ndugu aliitwa Simba. Yule dada aliitwa Jike Dume. Ilipofika wakati wa kuandika habari za wafanya kazi za mwaka, faili ya ndugu iliandikwa kwamba ana moyo wa uongozi. Faili ya dada iliandikwa kwamba hana adabu kwa wakubwa wake. Mimi niliitwa kama shahidi, nikaulizwa kama ni kweli dada alipandisha sauti. Nikajibu ndiyo. Sikusema uwongo. Lakini sikuulizwa juu ya ngumi juu ya meza, nami sikuitaja. Nafasi ya kupandishwa cheo ilipotokea, dada aliachwa. Nilikula fedha iliyoletwa na mdomo wake, kisha nikamlipa kwa kunyamaza. Jambo hili limenikaa moyoni, nami naliandika hapa ili wengine wasilifanye.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya mjini na ya ofisini. Sivyo. Wakati wa likizo rafiki yangu wa kazini alinichukua kwenda kwao Griftu, katika Wajir. Huko reli haijafika, na watu wake wafuata ngamia na ng'ombe wao, na kisima ni kitu kikubwa kuliko stesheni. Nilidhani ya kwamba nitaona mambo mengine kabisa. Siku moja tulikuwa tukinywa chai sokoni, na mama mmoja muuza maziwa ya ngamia alikuwa akibishana na dreva wa lori aliyetaka kumlipa pungufu. Mama alisimama mbele ya mlango wa lori akadai fedha yake yote mbele ya watu, akaipata. Wanaume waliokaa nasi wakacheka wakasema, "Huyu Arraweelo." Nikauliza maana yake. Nikaambiwa kwamba katika hadithi za zamani za Wasomali Arraweelo alikuwa malkia mkali aliyewatesa wanaume, na mpaka leo mwanamke anayejua kudai haki yake hupewa jina lile.

Siku hiyo hiyo, upande wa mifugo, dalali mmoja alikuwa akipiga kelele kwa ajili ya bei ya ngamia mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Nilingoja nisikie ataitwa jina gani. Mzee mmoja akaniambia, "Yule ni hodari sana, hakuna awezaye kumdhulumu." Hapo nikafahamu kwamba sikuwa mbali na karakana yetu hata kidogo.

Lakini, ndugu, kaunti ile ile ya Wajir yaweza kutufundisha jambo lingine, na hili ndilo nitakalo mlishike.

Mwaka 1992 na 1993 koo za Wajir zilipigana vibaya. Watu waliuawa, mifugo iliporwa, na hata soko la mjini liligawanyika, mama wa ukoo huu hakuweza kuuza au kununua kwa mama wa ukoo ule. Kwa desturi ya huko vita na amani huamuliwa na wazee wa kiume, na mwanamke hana kiti katika baraza lao. Lakini wanawake ndio waliozika watoto, na wanawake ndio waliokosa chakula cha kununua. Wachache wao walianza kukutana, na mmoja wao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir. Walianza na soko. Walikubaliana kwamba kila mama, wa ukoo wo wote, aachwe auze na anunue, na wakaweka watu wa kuangalia jambo hilo. Soko lilipotulia walikwenda kwa wazee, kisha kwa vijana na kwa maofisa wa Serikali. Mwaka 1993 wazee wa koo walifanya mapatano yaliyoitwa Al Fatah, na baada ya hapo kamati ya amani ya wilaya ikaundwa, ambayo wengine wa Kenya na wa nchi nyingine walikuja kuiga. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood huko Sweden. Alifariki mwezi wa Julai 2011 baada ya ajali ya gari.

Nauliza: kama wanawake wale wangeogopa kuitwa jeuri, wangekwenda kwa wazee? Na kama wazee wangesema, "Hawa wana mdomo, wafukuzeni," watu wangapi zaidi wangezikwa?

Yuko mwingine wa Wajir, ingawa alizaliwa Italia. Jina lake Annalena Tonelli. Alikuja Kenya mwaka 1969, akakaa Wajir miaka mingi akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu. Wakati ule kazi hiyo ilikuwa ngumu, kwa kuwa mchungaji wa mifugo hakai mahali pamoja, na mgonjwa akiacha dawa kabla ya miezi kutimia ugonjwa humrudia. Tangu mwaka 1976 Annalena aliwapa wagonjwa mahali pa kujenga manyata zao karibu na matibabu, wakameza dawa mbele ya watu wake muda wa miezi 6, bila kukosa. Hakukubali udhuru. Baadaye Shirika la Afya Duniani lilieneza katika nchi nyingi mpango wa namna hiyo, wa mgonjwa kumeza dawa mbele ya mtu. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba alipoanza kazi kila kitu kilihesabiwa dhidi yake: kwamba ni kijana, ni mzungu, ni Mkristo, na zaidi ya yote ni mwanamke asiye na mume.

Kisha ikaja tarehe 10 Februari 1984. Askari wa Serikali walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, si mbali na mji wa Wajir. Waliwekwa juani siku kadhaa bila maji wala chakula, na mamia waliuawa. Wakubwa wengi walinyamaza. Annalena hakunyamaza. Alikwenda kuwatafuta walio hai na kuwazika waliokufa, na alisaidia habari zitoke nje. Baadaye alilazimishwa kuondoka Kenya. Aliuawa kwa risasi mwezi wa Oktoba 2003 huko Borama, Somaliland, mahali alipokuwa akiendelea na kazi ile ile. Leo watu wa Wajir wamtaja kwa heshima. Lakini mtu mkaidi wa mwaka 1984 na mtu wa heshima wa leo ni mmoja. Yeye hakubadilika, bali sisi ndio tuliochelewa kumwona.

Hata katika historia ya wafanya kazi wa nchi hii iko habari kama hiyo. Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika Nairobi mbele ya kituo cha polisi wakitaka Harry Thuku afunguliwe. Viongozi wanaume walipoanza kuwaambia watu warudi nyumbani, Mary Muthoni Nyanjiru aliwatolea maneno makali, akawaambia wavue suruali zao wampe yeye. Watu wakasonga mbele, askari wakapiga risasi, naye akawa mmoja wa waliokufa, pamoja na wengine wengi. Twamwita shujaa kwa kuwa amekufa zamani. Angekuwa hai na mwanachama wa tawi letu, je, tungempa kura, au tungesema kwamba ametukosea adabu?

Na sisi wa reli tusisahau mambo ya nyumbani kwetu. Tarehe 31 Mei 2017, gari moshi la kwanza la abiria katika reli mpya lilipotoka Mombasa kwenda Nairobi likimchukua Rais wa nchi, aliyeliendesha alikuwa mwanamke, Concilia Owire. Dreva wa gari moshi hawezi kuwa mtu wa kusitasita. Akiona hatari hukata shauri kwa dakika ile ile, na abiria wote hushukuru kwa ukali wake. Ikiwa twamwamini mwanamke na breki ya gari moshi zima, mbona hatumwamini na karatasi ya madai yetu?

Ugonjwa huu si wetu peke yetu. Huko Marekani, Ann Hopkins alifanya kazi katika kampuni kubwa ya hesabu, Price Waterhouse. Mwaka 1982 jina lake lilipelekwa ili awe mmoja wa washirika wa kampuni. Watu waliopendekezwa walikuwa 88, na mwanamke alikuwa yeye peke yake. Alikuwa ameiletea kampuni kazi ya mamilioni ya dola. Hata hivyo hakupewa. Waliompima waliandika kwamba ni mkali mno, na mmoja akamshauri atembee kama mwanamke, aseme kama mwanamke, na ajipake vipodozi. Alikwenda mahakamani. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya nchi ile ilisema kwamba si halali kumnyima mtu cheo kwa sababu hakufanana na mwanamke ambaye wakubwa wanamtaka akilini mwao, na baadaye alipewa nafasi yake.

Sasa tusikilize wanaopinga, maana chama ni cha wote.

Wako wasemao, "Sisi hatukatai mwanamke kusema, twakataa namna asemavyo." Neno hili laweza kuwa la haki. Matusi ni matusi, na mwanamke anayetukana wenzake aonywe kama mwanamume anayetukana. Lakini kila fundi wa reli ajua jambo moja. Njia yetu ya zamani ina upana wa mita 1, na ile mpya ina milimita 1,435. Ukipima upande mmoja kwa kipimo hiki na upande wa pili kwa kile, behewa litaanguka, hata kama vipimo vyote viwili ni sahihi mahali pake. Twataka kipimo kimoja. Sauti kubwa ikiwa ni kosa, na iwe kosa kwa wote. Ikiwa ni ushujaa, iwe ushujaa kwa wote.

Tena angalieni mtego huu. Dada akinyamaza twasema, "Huyu ni mpole mno, hawezi uongozi." Akisema twasema, "Huyu ni jeuri, hafai uongozi." Basi aseme vipi? Mlango wa kulia umefungwa na wa kushoto umefungwa, kisha twauliza kwa nini haingii ndani.

Wako wasemao kwamba dini yakataza. Mimi nilisoma shule ya misheni, sina elimu ya kuwafundisha ndugu zangu Waislamu dini yao. Nitasema tu neno nililoambiwa na mzee wa Griftu mwenyewe, tulipokuwa tukizungumza juu ya yule mama wa maziwa. Alisema kwamba Bibi Khadija alikuwa mfanya biashara mkubwa, na Mtume kabla ya utume wake alimfanyia kazi ya kupeleka mali safarini. Mzee akaongeza, "Kumwita mama yule Arraweelo kulikuwa mzaha tu. Lakini mzaha ukirudiwa kila siku huwa hukumu." Nami sina la kuongeza.

Na dada zetu nao wajichunguze. Mara nyingi anayesema kwa nguvu kwamba fulani "ajifanya mwanamume" ni mwanamke mwenzake. Twajua kwamba anaogopa kuchekwa pamoja naye. Lakini mwajiri apenda sana kusikia maneno hayo, kwa sababu akiona tumeshaanza kumvunja msemaji wetu, kazi yake huwa nyepesi.

Hapo ndipo penye hasara yetu sote, wanaume na wanawake. Barua ya onyo aliyopewa dada kwa kosa la "ukosefu wa adabu" ni fimbo ambayo kesho itampiga ndugu. Mwajiri akizoea kuandika adabu mahali pa kujibu hoja, hatajibu hoja ya mtu ye yote.

Sheria iko upande wetu tukiitumia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 27, yasema kwamba wanawake na wanaume wana haki ya kutendewa sawa na kupata nafasi sawa. Kifungu cha 41 champa kila mfanya kazi haki ya kuingia chama na kushiriki katika kazi zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa sababu ni mwanamke, katika kuajiri, kufundisha, kupandisha cheo au kulipa. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo chasema kwamba mtu kabla ya kufukuzwa kwa kosa lazima aelezwe kosa lake kwa lugha anayoifahamu, mbele ya mfanya kazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Na kifungu cha 46 chasema kwamba kumshitaki mwajiri, ikiwa malalamiko yana msingi, si sababu ya haki ya kumfukuza mtu. Na katika upande wa Kaskazini Mashariki, mwaka 2017 watu wa Ijara walimchagua Sophia Abdi Noor kuwa mbunge wao, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa na jimbo la uchaguzi katika sehemu zile. Kama wapiga kura wa Ijara waliweza, wa karakana watashindwa?

Kwa hiyo twayaomba matawi yote yashike mambo manne.

1. Kabla ya kumhukumu dada kwa maneno yake, badilisha jina. Jiulize: maneno haya haya, kwa sauti hii hii, yangesemwa na mwanamume ningemwita nani? Kama ungemwita shujaa, basi mwite dada shujaa, au nyamaza.

2. Ukiitwa kuwa shahidi, sema yote uliyoyaona. Usijibu nusu iliyoulizwa ukaacha nusu nyingine. Hili najiambia mimi kwanza.

3. Barua ya onyo ikitaja "tabia" au "adabu," mwakilishi adai iandikwe ni neno gani lililosemwa, siku gani, na mbele ya nani. Kama hayapo, barua ipingwe kwa maandishi.

4. Katika mikutano yetu mwenye kiti asimkatize dada asemapo, wala asiruhusu kicheko. Anayetaka kumpinga apinge hoja yake.

Hatusemi kwamba mpigie kura mwanamke kwa sababu ni mwanamke. Kama hajui kazi, mwache. Kama hawezi kutunza siri za wanachama, mwache. Lakini kama kosa lake ni lile moja tu, kwamba akiona fedha ya mfanya kazi imepunguzwa hawezi kunyamaza, basi hilo si kosa bali ndiyo kazi yenyewe tunayomtafutia mtu.

Yule dada wa karatasi ya saa bado yuko kazini. Mwezi uliopita nilimwendea nikamwambia niliyoyaandika hapa. Alinitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Ovataimu ya mwezi huu umeihesabu?" Nikasema bado. Akasema, "Ihesabu, kaka, nitaipeleka."

Wafanya kazi wote, wake kwa waume, umoja ni nguvu.

Mhariri